Nyekundu Iliyotoka kwa Maji Baridi

Mikono yake ndiyo iliyompa jina. Ungemwona njiani kwa mara ya kwanza, ungedhani ametoka kuchinja ng'ombe, maana wekundu ulianzia kwenye kucha ukapanda hadi juu ya viwiko, na haukufutika kwa sabuni wala kwa mchanga. Watoto wa mtaani walikuwa wakimkimbilia wamguse, kisha wanatazama viganja vyao kama vimebaki na alama. Havikubaki na kitu. Hapo yeye hucheka na kuwaambia, "Rangi yangu haiambukizi. Anayeitaka aniletee shati lake." Wakamwita Mwekundu, na ukienda pale leo ukauliza jina alilopewa na wazazi wake, watu watakukodolea macho.

Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kutia vitambaa rangi, nyuma ya soko, mahali ambapo mvuke ulitoka madirishani tangu asubuhi. Ndani mlikuwa na mapipa makubwa ya chuma juu ya moto, na kila pipa lilikuwa na mtu wake. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa pale: ukishapewa pipa, ni lako mpaka uzeeke. Mtu wa manjano hatii mkono kwenye bluu, wala wa bluu hasogelei nyekundu, kwa sababu tone moja tu lililokaa chini ya ukucha linaweza kuharibu kitambaa cha watu. Basi mwenye bluu aliitwa Bluu, mwenye manjano akaitwa Manjano, na mkubwa wao wote, aliyesimama kwenye pipa lile lile tangu alipokuwa kijana asiye na ndevu, ndiye huyu Mwekundu wetu.

Alikuwa anakoroga kwa mti mrefu, sigara imening'inia pembeni mwa mdomo. Alisema moshi unakata harufu ya rangi. Glavu walipewa, lakini ukivaa glavu huwezi kujua kitambaa kimekunywa kiasi gani, na yeye alitaka kujua. Alikibonyeza kwa vidole kikiwa bado cha moto, akatikisa kichwa, akaongeza chumvi ya kukaza rangi, akasubiri. Kusubiri ndiko kulikomtofautisha na wengine. Nyekundu, jamani, ni rangi yenye kiburi, inapenda kutoroka. Ukiifanyia haraka, ikifuliwa mara ya kwanza tu imeondoka na kuchafua mashuka ya nyumba nzima. Nyekundu ya huyu haikutoroka. Sokoni wanawake walishika kitambaa na kuuliza, "Hii ni ya Mwekundu?" Wakiambiwa ndiyo, hawakuuliza zaidi.

Jioni wakati wa kunawa, kiwanda kilikuwa na mzaha wake. Mmoja akipenga kamasi, inatoka bluu. Mwingine akijifuta jasho, taulo linakuwa la manjano. "Kila mtu hutoka rangi yake," walisema, na wakacheka, na mgeni aliyeajiriwa juzi alionyeshwa leso za wenzake ili aogope kidogo.

Sasa sikilizeni jinsi mzaha huo ulivyofanya kazi.

Ilikuwa mchana, na kulikuwa na oda kubwa ya mablanketi ya hospitali, yale mekundu yanayojulikana. Mwekundu akaenda haja, kwenye kile choo cha sakafu ya saruji nyuma ya kiwanda, akaona mkojo wake umekuwa mwekundu kama maji ya kusuuzia. Hakuumwa popote. Haukumchoma, haukumkata. Akatoka anafunga mkanda, akamkuta Bluu anasubiri zamu yake.

"Bluu, hebu chungulia uone ajabu. Nakojoa rangi."

Bluu akachungulia, akapiga mluzi. "Ala! Kumbe imeshafika huko?"

"Si kawaida hii, bwana."

"Kawaida gani unayoitaka? Unavuta mvuke wa nyekundu kutwa kucha, ulitegemea kutoa nini, maziwa? Mimi siku za sare za shule nakojoa bluu mpaka naona haya."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Muulize na Manjano. Ila yeye masikini hawezi kujua, kwake siku zote ni sawasawa."

Kiwanda kizima, kilichokuwa kinasikiliza madirishani, kikaangua kicheko, na Manjano akarusha kitambaa kibichi kupitia dirisha kikampata Bluu usoni. Mwekundu alicheka mpaka akashika ukuta. Moyo wake ukatulia. Akarudi kwenye pipa.

Baada ya siku chache mkojo ukarudi kuwa mweupe, wenyewe tu, bila dawa. Ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Unabisha hodi mara moja, haukuumizi, kisha unajificha nyuma ya mlango. Uliporudi tena kulikuwa na oda nyingine nyekundu, basi Mwekundu akaona hesabu imekubali. Lakini katika kiwanda kile, niambieni, ni siku gani ambayo hakukuwa na oda nyekundu?

Nyumbani alikuwako mkewe. Huyu mama alikuwa na beseni maalumu la nguo za mumewe za kazini, na alizifua uani kwa maji baridi ya bomba, tangu siku za uchumba wao mpaka wakapata wajukuu. Nguo zile zilikuwa na madoa mekundu kila mahali, lakini maji ya beseni yalibaki meupe. Rangi ya mumewe ilikuwa imekaza. Majirani waliokuja kuchota maji waliona, na yeye alipenda waone. Wengine hujivunia mume mwenye gari. Yeye alijivunia beseni.

Halafu asubuhi moja akachovya kaptura ya ndani ya mumewe, na maji yakageuka. Hakuwa amesugua. Wekundu ulitoka wenyewe, upesi, ukatanda ndani ya beseni kama moshi. Akasimama akitazama. Akalichukua shati la kazi akalichovya pia. Shati halikutoa kitu. Akarudia kaptura, ikatoa tena.

Hakufikiria damu. Ni rahisi sisi kushangaa, lakini mtu aliyeishi na wekundu maisha yake yote hafikirii damu kila akiuona. Alichofikiria kilimuuma kwa namna nyingine. Alisema moyoni, mzee wangu amechoka. Mkono wake umeanza kukosea chumvi, na nyekundu yake imeanza kutoroka. Akalibeba beseni lile mpaka nyuma kabisa ya uani, kwenye majani, akamwaga huko ili jirani asije akaona kwamba rangi ya Mwekundu sasa inachuja.

Na mumewe aliporudi jioni hakumwambia. Utamwambiaje fundi jambo kama hilo? Ni sawa na kumwambia mwimbaji kwamba sauti imepotea. Alimpa maji ya kunawa, akamuuliza habari za kazi, akasikia "nzuri," akanyamaza. Tangu hapo alifua kaptura zile peke yake, mapema, kabla watu hawajaamka, na maji akayamwagia majani yale yale.

Ikawa hivyo kwa zaidi ya mwaka. Mwekundu alianza kuumwa ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, akasema ni mgongo, kazi ya kuinama. Kwa mgongo alikuwa na vidonge vyake vya dukani, ambavyo amevimeza miaka mingi kama mtu anavyokula karanga. Akaongeza. Akakonda, akasema ni uzee. Kuna siku alitoa vipande vyembamba vyeusi-vyeusi, akamwambia Bluu, "Sasa bwana natoa na nyuzi zenyewe, bado kushona tu." Bluu akacheka, lakini safari hii kicheko chake kilikuwa kifupi.

Kilichofichua mambo ni bomba. Bomba kuu la maji la kiwanda lilipasuka, mafundi wakafukua sakafu, na wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Wakakaa. Katika kukaa huko, binti mkubwa wa Mwekundu, ambaye ni msusi na anaishi upande mwingine wa mji, akaja kumsuka mama yake. Walikuwa uani, mama ameketi kwenye mkeka, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima. Msusi akaenda chooni mara moja. Akarudi na chanuo mkononi, hasuki.

"Nani ametoka chooni sasa hivi?"

"Mimi," akasema baba yake kutoka kwenye kiti chake. "Mwaga maji tu, mwanangu. Ni rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya kazini. Huwa inatoka. Hata Bluu inamtoka."

"Baba, kiwanda kimefungwa."

"Naam, bomba."

"Kimefungwa tangu mwezi uliopita. Hujagusa pipa mwezi mzima. Hiyo rangi inatoka wapi?"

Mwekundu akatazama mikono yake, kama vile jibu limeandikwa pale. Na kwa kweli mikono yenyewe, kwa kukaa bila kazi, ilikuwa imeanza kufifia kidogo kwenye vidole.

Mkewe alikuwa amegeuka kutazama yale majani nyuma ya uani.

Hospitali Mwekundu aliingizwa kwenye mashine, wakatoka, wakaambiwa warudi, wakarudi. Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wa Msusi, sauti ya chini, asiyetazama saa. Aliwaambia kwamba kuna uvimbe wa saratani, na haupo kwenye kibofu. Upo juu zaidi, pale figo la kushoto linapomimina mkojo kwenye mrija wake. Dawa yake ni kutoa figo lile lote pamoja na mrija, mpaka pale mrija unapoingia kwenye kibofu.

"Nikitolewa, nitapona?" akauliza Mwekundu.

"Wako wanaopona kabisa, mzee. Lakini siwezi kukuahidi kabla sijajua umefika wapi. Kazi yako ni nini?"

"Natia vitambaa rangi."

Daktari akatazama ile mikono. "Miaka mingi?"

"Tangu ujana."

"Zamani kuna rangi zilizokuwa zinaleta ugonjwa huu hasa. Na sigara je?"

"Kidogo."

"Baba," akasema Msusi.

"Haya, si kidogo."

"Damu uliiona lini kwa mara ya kwanza?"

Mwekundu akakohoa. Akasema si zamani. Mkewe akainamisha uso, akawa anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja.

Daktari akavuta kipande cha kitambaa cha mezani kati ya vidole viwili. "Sikiliza, nitakueleza kwa kazi yako. Ukuta wa mrija ule una tabaka. Kama uvimbe umekaa juu ya uso wa ndani tu, ni kama doa lililokaa juu ya kitambaa. Tukiuondoa, watu wengi huishi miaka na miaka. Ukiwa umezama kwenye nyama ya ukuta, kazi inakuwa ngumu. Na ukiwa umepenya ukatokea upande wa pili, kwenye mafuta, au umeingia kwenye tezi za jirani..."

"Doa likishapenya halifuliki," akasema Mwekundu. "Naelewa, binti yangu. Hapo umesema na mimi."

Sasa jambo ambalo familia ile ililishikilia usiku na mchana lilikuwa hilo moja: umepenya au haukupenya. Na jibu halikuweza kujulikana mpaka akatwe. Akaandikiwa siku. Siku ikafika, wakaambiwa mashine ya kulaza wagonjwa usingizi imeharibika. Ikatengenezwa. Akapimwa damu, ikaonekana imepungua mno; akaambiwa akale, anenepe kidogo, mwili dhaifu haupelekwi kwenye kisu. Akala bila hamu, kijiko kwa kijiko, mkewe amekaa mbele yake kama polisi. Sigara akaiacha siku ile ile, akampa Bluu pakiti iliyobaki, na Bluu akaitupa mferejini mbele yake. Majuma yakapita. Daktari alikuwa hapendi majuma yale. Kila walipokutana kwenye korido alisema, "Tunawahisha, mzee, tunawahisha," na uso wake ulikuwa unasema mengine.

Alipasuliwa hatimaye, na upasuaji ukaenda vizuri. Hili nalisema kwa haki ya yule daktari: ulikwenda vizuri. Mshono ulipona bila usaha. Mpira wa mkojo ulipotolewa, kilichotoka kilikuwa cheupe, na Mwekundu akamwita muuguzi aje ashuhudie, na mgonjwa wa kitanda cha pili naye akaitwa.

"Tazama! Maji ya mvua!"

"Hongera, mzee. Ila si lazima wodi nzima ione."

Bluu akaja na machungwa, akamkuta amefunikwa blanketi jekundu mpaka kidevuni.

"Hili nimelitia mimi," Mwekundu akamwambia, akipapasa pindo. "Lilikuwa kwenye ile oda kubwa, unaikumbuka?"

Bluu alikumbuka. Alikumbuka na choo, na mluzi wake, na vile alivyoapa. Akamenya chungwa taratibu sana, na maganda akayaweka mfukoni mwake badala ya kuyatupa.

"Wewe vipi? Mbona umeduwaa? Mimi ndiye niliyekatwa."

"Nimeduwaa kwa furaha, ndugu yangu."

Kwa siku zile chache walikuwa na matumaini, na mimi siwezi kuwanyang'anya. Mkewe aliimba akiwa anapanga vyombo. Msusi aliwaambia wateja wake kwamba baba amepona. Mwekundu mwenyewe alianza kuzungumzia bomba la kiwanda, na nani sasa anakoroga pipa lake, na kama anasubiri au anaharakisha.

Majibu ya kile kilichokatwa yalitoka walipokuwa wameshasahau kuogopa. Wakaketi kwenye viti vile vile. Daktari hakugusa kitambaa cha mezani, na Mwekundu aliliona hilo kabla hajasikia neno.

"Umepenya," akatangulia kusema Mwekundu.

"Umepenya, mzee. Uko kwenye mafuta. Na kwenye tezi mbili pia. Na chembe zake ni zile kali, zinazokua haraka."

"Lakini mmeutoa," Msusi akadakia. "Si mmeutoa wote?"

"Tumetoa tulichokiona. Uliopenya namna hii mara nyingi umeshaacha mbegu mahali ambapo macho hayafiki. Kuna dawa kali za dripu, ambazo zingeweza kuzifuata mbegu hizo. Hizo ndizo nilizokuwa nazitegemea." Akapumua. "Lakini dawa hizo zinataka figo lenye nguvu. Na hili moja lililobaki limechakaa. Vile vidonge vya mgongo alivyokuwa akimeza vimelila kidogo kidogo. Nikimpa dawa, nitaliua figo kabla ya saratani kummaliza. Zipo zilizo nyepesi, nitajaribu. Sitaki kuwadanganya kwamba ni sawa."

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu, kinalia, kinalia, mpaka kikaishia mbali.

"Angekuja..." daktari akaanza, akasita.

"Malizia, binti yangu."

"Hakuna haja, mzee."

"Ningekuja ile mara ya kwanza, ungelikuta doa juu ya kitambaa?"

Daktari hakupenda kujibu, lakini hakuwa mtu wa uongo. "Huenda. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa."

Mkewe alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejikwaa gizani. Walidhani anamlilia mumewe. Alikuwa anamlilia, ndiyo, lakini alikuwa analilia na beseni.

Bluu alikuja nyumbani baada ya kusikia. Hakuleta machungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia ameiweka juu ya goti.

"Mwekundu, kuna neno limenikaa kooni."

"Litoe, usije ukalikojoa."

Bluu hakucheka. "Mimi sijawahi kukojoa bluu. Hata siku moja."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile mwanangu aliponiuliza rangi inatoka wapi. Nikawaza, mbona Bluu choo chake sijawahi kukiona na kitu? Miaka yote tunatumia choo kimoja."

"Nilikuwa natania, ndugu yangu. Nilitaka ucheke."

"Nilicheka. Wewe unatania vizuri mno, hiyo ndiyo shida yako." Akajaribu kugeuka kitandani, ubavu ukamkataza. "Usilie hapa bwana, utanichafulia mashuka na bluu yako."

Lakini Bluu alilia, mtu mzima mwenye mvi, na machozi yake yalikuwa meupe kama ya watu wote.

Zile dawa nyepesi walijaribu. Zilimtapisha, zikamnyonyoa nywele chache alizokuwa nazo, na ugonjwa haukujali. Ukatokea kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye mapafu. Mikono yake, iliyokaa mbali na pipa, ilizidi kufifia. Kwanza ikawa ya waridi kama ya mtoto mchanga, halafu ikaanza kuwa mikono tu. Hilo lilimsumbua kuliko kukonda. Alikuwa anaificha chini ya shuka wageni wakija.

Alasiri moja walikuwa wawili tu chumbani, mkewe anampaka mafuta miguuni. Alikuwa amelala macho wazi muda mrefu, halafu akasema, bila kumtazama:

"Mama watoto. Zile nguo zangu za ndani. Ulikuwa unazifua kwa maji gani?"

Mkono wa mkewe ukasimama. "Baridi. Kama siku zote."

"Ilikuwa inatoka?"

Angeweza kusema hapana. Alikuwa ameliandaa neno hilo muda mrefu, akalifanyia mazoezi jikoni, akalala nalo. Lakini aliyemuuliza ni mtu aliyetia nyekundu maisha yake yote, anayejua ipi hutoka kwa maji baridi na ipi haitoki hata ukiichemsha.

"Ilikuwa inatoka, baba watoto. Upesi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nje majirani walikuwa wanagombania zamu ya bomba, ndoo zinagongana.

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani mkono wako umechoka." Akaendelea kupaka mafuta. "Nilidhani rangi yako imeanza kuchuja. Nilikuwa naimwaga kule nyuma, watu wasione. Sikutaka wakuseme. Sikutaka na wewe ujue."

Mwekundu akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka mkewe akaogopa, akamshika bega. Ndipo akasema, polepole, kama mtu anayekibonyeza kitambaa kuona kimekunywa kiasi gani:

"Haikuchuja hata mara moja. Wewe ndiye wa kulijua hilo."

"Nisamehe."

Hakumjibu. Labda alikuwa amechoka, labda hakuwa na jibu, mimi sitamwekea maneno mdomoni. Aliutoa mkono wake chini ya shuka, ule mkono ambao sasa haukuwa na rangi, akauweka juu ya wa mkewe. Mkewe aliutazama kama mkono wa mtu asiyemfahamu.

Hakufika mwisho wa msimu ule. Alikufa asubuhi, Msusi akiwa anamnyoa ndevu, upande mmoja umekwisha na mmoja bado. Na yule binti alimaliza upande wa pili kabla hajamwita mama yake. Kiwandani pipa lake lilikaa tupu kidogo, halafu likapewa mtu mwingine, kwa sababu hospitali zinataka mablanketi. Bluu aliwaambia wenzake wote wasipuuze, na mtu akiona wekundu kwenye mkojo aende akapimwe siku hiyo hiyo. Walimsikiliza kwa heshima. Baada ya mwezi alipita nyuma ya choo akasikia kijana mpya anamwambia mwenzake, "Kila mtu hutoka rangi yake," na wote wawili wanacheka. Alisimama pale. Alitaka kuingia awakamate mashati. Lakini yeye ndiye aliyeufikisha ule mzaha chooni, na alijua kwamba umeshakuwa wa kila mtu.

Nguo za marehemu ziligawanywa. Shati moja la kazini mkewe alikataa kulitoa, lile la mikono mirefu lililokuwa limeloa nyekundu kifuani kote. Siku watu walipokwisha kutawanyika, akalitoa beseni uani, akafungulia bomba, akalichovya shati kwenye maji baridi.

Akasubiri. Maji yakabaki meupe.

Akalisugua kwa sabuni, akalikamua, akalichovya tena. Povu jeupe, maji meupe. Akalisugua kwa nguvu mpaka vifundo vya vidole vikachubuka, na Msusi akatoka ndani akamkuta anasema na shati kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayembembeleza mtoto ateme kitu alichokimeza.

"Toka basi," alikuwa anasema. "Toka hata kidogo tu."

Haikutoka.